Nyumba Njema si Mlango: Nyongeza za Nyumba ya Ukoo Mwanza na Kando ya Ziwa

Methali isemayo nyumba njema si mlango hutajwa sana pwani, penye milango ya nakshi na misumari ya shaba. Haimkatazi mtu kuupamba mlango wake. Inamkumbusha mpita njia kwamba habari ya nyumba haisomeki kutoka barabarani. Imo ndani, kwa wanaoishi humo na kwa waliowatangulia. Lakini kama upo mji ambao methali hiyo inaufaa hata kuliko miji ya pwani, ni Mwanza, mji wa mawe ulioko kusini mwa Ziwa Victoria. Huko milango hubadilishwa kila kizazi, madirisha hupanuliwa, vyumba huongezwa mbele na nyuma, na bado watu wa ukoo husema kwa yakini kwamba hii ni nyumba ya babu.

Nyumba ya namna hiyo si adimu katika mitaa ya zamani kama Kirumba, Igogo na Mabatini. Katikati hukaa nyumba kongwe, fupi, ya tofali za udongo, yenye bati lililoshika kutu. Mbele yake, pale palipokuwa na kibaraza, pamejengwa fremu mbili za duka kwa tofali za saruji. Uani lipo banda la vyumba vya kupangisha, kila chumba na mlango wake. Ubavuni umeongezwa upande mpya wenye madirisha ya aluminiamu, choo cha ndani na paa la rangi. Juu ya nguzo za upande huo nondo zimeachwa wazi, zikisubiri ghorofa ambayo fedha yake haijapatikana.

Mtazamaji mwenye haraka hutoa hukumu papo hapo: watu hawa wameitupa asili, na mwacha asili ni mtumwa. Hukumu hiyo haina msingi katika historia ya ziwa. Kando ya Nyanza, kuongeza ndiyo asili yenyewe. Nyumba isiyoongezwa ilikuwa nyumba isiyozaa, isiyooa, isiyopokea mgeni. Kwa hiyo swali zito si iwapo nyumba ya ukoo iongezwe au iachwe kama ilivyokuwa. Swali ni nani aliyeongeza, kwa jasho la nani, na nyongeza ile ilimpa haki gani katika nyumba.

Kaya na tongo

Msukuma wa zamani hakuwa na nyumba. Alikuwa na kaya. Ndani ya ua wa minyaa zilikuwamo nyumba kadhaa za duara, maghala ya nafaka, zizi la ng'ombe, na shikome, yaani mahali pa moto ambapo wanaume na vijana waliota jioni, wakasimuliana habari za ukoo na kufunzana adabu. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa la nyasi lilichongoka kama pia iliyopinduliwa. Mke alipoongezeka, nyumba iliongezeka. Kijana alipooa, mara nyingi mkewe aliletwa kwenye kaya ya baba, na nyumba nyingine ikasimamishwa. Hakuna ukuta uliovunjwa ili kumpisha mgeni. Nyongeza ilikuwa nyumba nzima, yenye mlango wake na mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba huyo alikuwa mwanamke.

Upande wa magharibi wa ziwa, kwa Wahaya, desturi ilikuwa nyingine. Mushonge wao ulifunikwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, na ndani yake watu na mifugo walikaa chini ya paa moja, wakitengwa kwa viambaza. Hapo nyongeza ilifanyika ndani kwa ndani, kwa kuhamisha kiambaza na kukigawa kivuli kilekile.

Katika namna zote mbili, vifaa vya nyumba havikukusudiwa kudumu. Nyasi zilioza, miti ikaliwa na mchwa, udongo ukarudi kuwa udongo. Nyumba ya duara iliyosifiwa kuwa ya kale huenda ilikuwa imeezekwa upya mara nyingi na kubadilishwa nguzo zake moja baada ya nyingine. Kilichokuwa cha kale ni mahali: kiwanja, ua, makaburi, na jina la aliyetangulia kufyeka pori pale. Kaya ikihama, mahali hapo paliitwa itongo, neno ambalo ndugu yake lipo katika Kiswahili, tongo, yaani mahame. Makao ya ukoo wa Mwalimu Julius Nyerere kule Butiama, mashariki ya ziwa, yanaitwa Mwitongo, jina lenye mzizi huohuo. Mwalimu alirudi kuishi huko baada ya kuacha urais mwaka 1985, na huko alizikwa Oktoba 1999. Itongo si lazima liwe mwisho wa nyumba. Laweza kuwa mahali panapongoja kujengwa tena.

Yafaa hapa kukumbuka pwani, kwa kulinganisha. Wenyeji wa Lamu wanalijua wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili za jamaa. Katika majumba ya mawe ya huko, binti wa ukoo mkubwa alipoolewa alitengewa orofa au nyumba karibu na wazazi wake, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo nyumba ya Lamu ilipanda juu na kuvuka mtaa kwa ajili ya binti. Kaya ya Kisukuma ilipanuka kwa ajili ya mwana, na binti akaenda kuipanua kaya ya watu wengine. Tofauti hiyo ndogo ya ujenzi itaonekana baadaye ilivyo kubwa mbele ya hakimu.

Nyumba yapata pembe

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1901 reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa ilifika ukingo wa ziwa, mahali panapoitwa leo Kisumu, na tangu hapo bidhaa za pwani zikavuka maji kwa meli. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga Mwanza maduka yenye makazi nyuma au juu yake. Waingereza waliuteka mji Julai 1916, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika. Mji ukawa na njia mbili za kupokea saruji, bati, misumari na vioo.

Pamoja na bidhaa hizo ilifika ramani ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kufuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji: baraza mbele, ukumbi katikati unaonyooka hadi nyuma, vyumba pande zote mbili, na uani penye jiko na choo. Mwanza iliipokea nyumba hiyo na kuifanya yake. Ilikuwa na pembe nne, na pembe nne zilikuwa na maana yake kwa mtu wa mjini. Kitanda cha mbao na kabati havikai vizuri kwenye ukuta wa duara. Kiwanja cha mji hupimwa kwa mstari ulionyooka. Zaidi ya hayo, ukuta ulionyooka huongezeka kirahisi: mtu hutoboa mlango, hushika pembe, hujenga chumba. Duara halishikwi pembe.

Hivyo nyongeza ikabadilika tabia. Zamani ilisimama peke yake uwanjani. Sasa ikaegemea ukuta wa nyumba ya kwanza. Nyumba mbili zilizoegemeana zina paa moja, mfereji mmoja na mlango mmoja wa mbele. Anayeongeza hawezi tena kusema, “Hii ni yangu, ile ni yako,” bila mtu kuuliza ukuta wa katikati ni wa nani.

Pamba na bati

Fedha za kufanya haya zilitoka shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilienea sana Usukuma, na wakulima wakajipanga kuondokana na udanganyifu wa mizani. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya uhuru. Msimu wa pamba ukawa msimu wa ujenzi. Malipo yalipotoka, watu walinunua baiskeli, nguo, ng'ombe, na mabati.

Bati lilikuwa nyongeza iliyobadilisha nyumba bila kugusa ukuta. Lilimwondolea mwenye nyumba kazi ya kutafuta nyasi na kuezeka upya. Likampa maji ya mvua. Lakini lilimletea joto la mchana na kishindo cha mvua ya usiku, kiasi kwamba mazungumzo hukatika hadi mvua ipungue. Lilidai pia nyumba ya pembe nne, kwa sababu bati halipindiki kuzunguka duara bila kukatwa vipandevipande. Msonge ukabaki jikoni, kisha ukabaki kwa bibi, kisha ukawa picha.

Jambo moja halikuandikwa popote katika hesabu za msimu. Pamba ilipaliliwa na kuchumwa kwa kiasi kikubwa na wanawake na watoto. Fedha ilipokelewa kwa jina la mkuu wa kaya, bati likanunuliwa kwa jina lake, na nyumba ikaitwa kwa jina lake. Lakini kila bati juu ya paa lilikuwa na siku za jembe za mtu ambaye jina lake halikutajwa. Nyumba za bati za Usukuma zilijengwa na watu wawili na kukumbukwa kwa jina la mmoja.

Miaka ya kung'oa

Muongo wa 1970 uliziweka nyumba hizi katika majaribu mawili, moja la mjini na moja la shamba.

La mjini lilikuwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971. Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba ambayo mwenyewe aliishi yote na jamaa zake haikuguswa. Walioathirika zaidi mijini walikuwa Watanzania na wakazi wa asili ya Kihindi. Katika sheria hiyo, nyongeza ilimponza mjenzi: orofa iliyoongezwa ili ilete kodi ndiyo iliyoweza kuitia nyumba nzima hatarini, ilhali jirani ambaye hakuongeza kitu alisalimika. Nia ya sheria ilikuwa kukomesha unyonyaji wa kodi. Matokeo yake mengine ni kwamba majengo mengi yalibaki muda mrefu bila mtu wa kuyaonea uchungu, kwani mpangaji haezeki paa lisilo lake.

La shamba lilikuwa Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa amri, na mwaka 1974 na miaka miwili iliyofuata kaya za Usukuma zilizotawanyika zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Ua wa minyaa ukaachwa ukikua peke yake. Mwenye bati aliweza kuling'oa na kulibeba. Mwenye ukuta hakuweza. Matongo yakawa mengi kwa msimu mmoja kuliko yaliyopatikana zamani kwa kizazi kizima. Mpango ulikusudia kuwaletea watu shule, zahanati na maji, na katika vijiji vingi huduma hizo zilifika. Lakini kaya iliyopimwa kiwanja kimoja haikuwa na nafasi ya nyumba ya mke wa pili, ya mwana aliyeoa, wala ya shikome. Ikabidi wote waingie ndani ya nyumba moja. Nyumba ya pembe nne yenye nyongeza ubavuni, ambayo ilikuwa ya mjini, ikawa ya kila mahali.

Baadhi ya waliohamishwa walirudi baadaye kwenye matongo yao. Waliporudi hawakujenga msonge. Walijenga pembe nne juu ya kiwanja kilekile, karibu na makaburi yaleyale, na wakaiita nyumba ya babu. Hawakudanganya. Walitumia neno hilo kama lilivyotumika siku zote: nyumba ni mahali, si kuta.

Ufa

Kuunganisha cha kale na kipya ni kazi ngumu kwa mkono kama ilivyo kwa sheria, na mafundi wa Mwanza wanaijua kwa makosa yake. Mji umekaa juu ya matale na mawe makubwa. Msingi wa nyumba ya zamani huenda umekaa juu ya mwamba, na msingi wa nyongeza, hatua nne tu kando, ukawa juu ya udongo uliojaza bonde kati ya mawe. Mwamba haushuki. Udongo hushuka kidogo kidogo kila masika. Kabla mwaka haujapita, ufa huonekana pale ambapo kuta mbili zilifungwa pamoja, ukianzia juu ya mlango na kupanda hadi kwenye kenchi.

Mwenye nyumba huita fundi aupige lipu, na ufa hurudi mahali palepale. Fundi mzoefu hazifungi kuta hizo. Huacha nafasi nyembamba kati ya kongwe na mpya ili kila moja ishuke kwa mwendo wake, kisha huifunika nafasi hiyo kwa ubao au bati. Hali kadhalika, hapigi lipu ngumu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Udongo hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huuzuia, na ukuta huoza kwa ndani huku uso wake ukipendeza. Udongo uliochanganywa vizuri, au chokaa, huufaa zaidi. Wala hatui mkanda wa zege wa ghorofa juu ya tofali mbichi. Husimamisha nguzo mpya kando, zibebe mzigo wake zenyewe. Pale paa mbili zinapokutana na kufanya bonde, huweka mfereji mpana, kwa kuwa hapo ndipo mvua ya ziwa, ambayo huja kwa ghafla na kwa wingi, hutafuta njia ya kuingia.

Kanuni zote hizi zina shina moja. Nyongeza njema haiulazimishi ukuta wa zamani kubeba kisichokuwa chake, wala haijifanyi kuwa ndiyo ukuta wa zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na fundi wa mawe angeongeza kwamba upo ufa ambao dawa yake ni kuuachia nafasi tangu mwanzo.

Nani aliongeza?

Ufa wa pili haupigwi lipu. Huonekana siku ya arobaini, baba alipokwisha kuzikwa, watoto wanapokaa kugawana. Mwana mmoja alijenga fremu za mbele kwa fedha zake. Mwingine alilipa mabati. Mjane alipika, alilima, aliuza dagaa, na kodi ya vyumba vya uani ndiyo iliyosomesha watoto. Binti aliyekuwa kazini alituma fedha za upande mpya. Nyumba ni moja, hati kama ipo ina jina moja, na mwenye jina amekufa.

Sheria ya Tanzania ina sauti mbili juu ya jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaihesabu kuwa mali ya wanandoa hata ile ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, iwapo iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi yao wote wawili. Kwa maneno ya mtaani, nyongeza huzaa haki, hata kama nyumba ya kwanza ilikuwa ya mmoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini kanuni ilisimama na wengine wakanufaika nayo.

Hiyo ni sauti ya siku ya talaka. Siku ya kifo husikika nyingine. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Binti aliwekwa daraja la mwisho kati ya warithi, na ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia bila kuiuza. Kwa hiyo mwanamke aliyeiongeza nyumba ana haki iliyoandikwa akiachwa, na hana uhakika wa haki hiyo akifiwa.

Ni mjini Mwanza ambako jambo hili lilipata pigo lake la kwanza kubwa. Mwanamke wa Kihaya, aliyeachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia, alikuwa mzee na hakuwa na wa kumtunza. Akaliuza mwaka 1988, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani akitaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza. Tarehe 22 Februari 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kesi hiyo ya Ephrahim dhidi ya Pastory kwa kuitegemea Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Alisema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, na mauzo yakasimama, huku watu wa ukoo wakiachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake.

Lakini hukumu moja haing'oi mila nzima. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, ambao waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000, waliondolewa na mashemeji katika nyumba walizoishi. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kuwa mila ile inabagua, ila ikasita kuibatilisha. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki zao zimevunjwa, na ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na irekebishe sheria. Tangu kufukuzwa hadi kusikilizwa, ilipita miaka kama 15. Kuta zao, wakati huo wote, zilikuwa na watu wengine ndani.

Hapo tofauti ya Lamu na Usukuma hurudi na uzito wake wote. Penye desturi ya kumjengea binti, binti huwa na ukuta wa kuegemea. Penye desturi ya kumjengea mwana, mwanamke huongeza nyumba mbili katika maisha yake, ya baba na ya mume, naye aweza kufa bila kuwa na hata moja.

Kinachohifadhiwa

Yupo atakayeuliza kwa nini Serikali isizilinde nyumba za ukoo kama inavyolinda majumba ya pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine yanahitaji tangazo mahususi. Mji wa Mwanza ulianzishwa karibu miaka 30 baada ya mstari huo. Na msonge, ambao kama desturi ni wa kale kuliko mstari wenyewe, hauwezi kuonyesha nguzo hata moja ya umri huo. Sheria inahesabu umri wa mawe. Kando ya ziwa umri ulikuwa wa mahali na wa watu.

Kwa hiyo mlinzi wa nyumba hizi ni wenyewe. Namna ya kulinda ziko nyingi. Bujora, karibu na Kisesa nje ya mji wa Mwanza, Padri David Clement, Mkanada aliyeipenda Usukuma, na wenyeji walioshirikiana naye walijenga kuanzia miaka ya 1950 kanisa la duara na majengo ya makumbusho yaliyofuata maumbo ya Kisukuma, hata banda moja likachukua sura ya kiti cha mtemi. Huko vifaa vilibadilika na umbo likabaki. Katika nyumba ya ukoo ya mjini umbo limebadilika na mahali pamebaki. Zote mbili ni njia halali za kukumbuka.

Njia ya tatu ni ya mtu wa Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka, akikusudia maisha ya kaya za wahenga wake yasisahaulike. Hakupata wa kuichapa. Hakuibomoa kazi yake. Aliijengea upande wa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa kisiwa hicho, akaongeza upande wa Kiingereza. Wasomaji wengi huingia katika nyumba hiyo kwa milango ya nyongeza, na bado hakuna anayesahau kwamba nyumba kuu ni ya Kikerewe na aliyeisimamisha ni Kitereza. Kila upande una jina la mjenzi wake.

Hicho ndicho ambacho nyumba za udongo na saruji bado hazina. Familia inayojenga ghorofa juu ya nyumba ya babu huweka stakabadhi za saruji na nondo, na mara chache huandika katika karatasi moja kwamba upande huu ulijengwa na fulani, bati hili lilitokana na shamba la mama, chumba hiki ni cha kukaa mjane hadi mwisho wa maisha yake. Karatasi hiyo, ikitiwa saini mbele ya mashahidi wakati wote wakiwa hai, ni nyepesi kuliko tofali moja. Wazee wa kaya hawakuihitaji, kwa sababu shikome ilikuwapo na kila mtoto alisikia jioni nani alijenga nini. Moto huo umezimwa na fremu za duka zimesimama mahali pake. Anayeongeza nyumba leo hana budi kuongeza pia kumbukumbu, ama sivyo ufa utaanzia juu ya mlango, na mlango utaendelea kupendeza.